Kifundo cha Mguu wa Verdell Gaskins

Philadelphia, 21 Oktoba 1951

Mwanangu Verdell,

Sisi huku wazima, na kama kuna mgonjwa basi ni paa la jikoni, maana mvua ya juzi imepita pale pale ulipopiga misumari Agosti. Mjomba wako Roscoe hajambo. Kazi ya mabehewa ya kulala inamweka kwenye treni zaidi kuliko kwenye kitanda changu, lakini akirudi huuliza kwanza habari zako, kisha ndiyo anauliza chakula. Nettie ameposwa. Kijana mwenyewe anaimba kwaya kanisani kwetu na ana miguu mipana kama bata. Nimemwambia binti yangu, chukua, ndoa haivaliwi viatu.

Sasa nililokaa kukuandikia. Jana nimesoma katika gazeti letu la weusi kwamba Wahunzi wa Sandusky walikwenda Calder, Louisiana, kucheza mechi ya kirafiki, na kwamba Verdell Gaskins, mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya timu hiyo ya mpira wa kikapu, hakucheza kwa kuwa ametegua kifundo cha mguu wa kulia. Mistari miwili, basi. Tangu asubuhi mlango haufungwi. Mtaa mzima unataka kujua, na mimi niliyekulea toka una miaka sita sina la kuwajibu.

Umeteguka vipi? Nani amekukanda? Miaka saba nilikuwa nahodha wa timu ya wasichana, nimekanda vifundo vingi kuliko daktari yeyote wa timu yako. Maji ya moto na chumvi, halafu baridi, halafu moto tena. Wala usikubali kocha akurudishe uwanjani kabla hujaweza kusimama kwa mguu huo mmoja ukihesabu mia.

Niandikie upesi.

Shangazi yako,
Leotha


Sandusky, Ohio, 11 Novemba 1951

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeipata. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa safarini. Huku upepo wa ziwani umeanza, unakata masikio. Bado napanga chumba kwa Bi Dabney, yule mjane niliyekutajia, kwa sababu hoteli wanayokaa wenzangu imejaa. Anapika viazi vitamu karibu kama vyako. Nimesema karibu.

Juzi tumecheza nyumbani tukashinda. Nilifunga pointi kumi na nne. Kuna mwenzangu anaitwa Stan Wojcik, baba yake mchimba makaa, yeye ndiye anayenipa pasi. Wengine macho yao bado hayajazoea kuniona.

Hongera kwa Nettie. Mguu wa kushoto umeshapona kabisa, usihangaike nao.

Mwanao,
Verdell


Philadelphia, 18 Novemba 1951

Verdell,

Salamu baadaye. Gazeti limesema mguu wa kulia. Wewe unasema wa kushoto. Sasa nimebaki hapa najiuliza ni mguu upi nimwombe Mungu auponye.

Tena Roscoe ana mwenzake kazini, Bwana Tull, aliyekuwa kwenye treni iliyowatoa Louisiana. Jumapili alikula kuku mezani kwangu. Akasema, "Yule kijana wenu ana mbio! Treni imeshaanza kusogea, yeye ana begi mbili, akaruka hadi behewa la weusi kama swala." Nikamuuliza siku gani. Kesho yake baada ya mechi, anasema. Nikamuuliza kama ulikuwa unachechemea. Akacheka mpaka akapaliwa.

Na hoteli gani hiyo inayojaa tangu Septemba mpaka Novemba? Kuna nini Sandusky, Yesu amerudi?

Mimi si mtoto, na wewe huna kipaji cha uongo. Hata ulipokuwa mdogo ulikuwa unadanganya huku unaangalia viatu. Niambie kilichotokea Calder.

Leotha


Philadelphia, 16 Desemba 1951

Verdell,

Wiki nne. Nimemtuma Roscoe aulize kwenye treni kama posta ya Ohio imeungua. Anasema haijaungua.

Krismasi njema. Nimekutumia soksi za sufu, jozi mbili, za mguu wa kulia na wa kushoto.

Shangazi yako


Sandusky, 30 Desemba 1951

Shikamoo Shangazi,

Soksi zimefika. Nimezivaa ninapokuandikia. Mpe Mjomba pole ya kikohozi, Bwana Tull ameniambia tulipopishana Cleveland. Mbona wewe hukunitajia?

Sawa. Nakueleza, halafu tafadhali tusiizungumze tena.

Tulifika Calder asubuhi. Wenzangu walishushwa hotelini, mimi nikapelekwa kwa mchungaji. Hilo nimelizoea, ndiyo maana sikukuandikia. Saa nane mchana nikaenda ukumbini, nikaanza kubadilisha nguo. Kocha Brannigan akaingia.

"Gaskins, mwenye ukumbi anasema mji huu hauruhusu mechi ya mchanganyiko wa rangi. Usinitazame hivyo, sheria si yangu."

"Kwa hiyo nifanye nini, Kocha?"

"Una kifundo kibovu."

"Sina."

"Leo unacho."

Mkandaji wa timu akaja na bendeji. Akaniuliza, "Upi?" Nikamwambia wowote. Ndiyo maana hata mimi sikumbuki vizuri ulikuwa upi. Stan alikuwa amekaa pembeni yangu. Alifunga kamba za viatu vyake muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji.

Hawakuniruhusu kukaa kwenye benchi pia. Nikaambiwa nipande jukwaa la weusi, kule juu chini ya dari. Shangazi, walikuwa kama mia tatu. Walikuja kwa malori ya makanisa, wengine wametoka maili sitini, wanawake na kofia zao za Jumapili, wanaume na tai. Nilipotokea mlangoni wakasimama. Walidhani nimekuja kuwasalimu kabla ya kushuka kucheza. Nikawaonyesha bendeji.

Hakuna aliyekasirika. Laiti wangekasirika. Walinipa pole. Walinisogezea nafasi, mmoja akanipa mto wa kiti chake niwekee mguu. Kisha bibi mmoja, wanamwita Mama Philomene, akapiga magoti kwenye mbao zile, na magoti yake yenyewe mabovu, akashika bendeji kwa mikono miwili, akaomba kwa sauti. Akamwambia Mungu huyu ndiye wa kwanza wetu, usimwache alemae. Jukwaa zima likaitikia Amina.

Nilimwacha aombee mguu mzima.

Sasa umejua.

Verdell


Philadelphia, 6 Januari 1952

Mwanangu,

Kikohozi cha Roscoe ni kikohozi, achana nacho.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa sababu kila nikikaa nainuka. Nimevunja sahani mbili, na moja ilikuwa ya mama yangu. Hao watu wanakutaka Sandusky uwajazie ukumbi, picha yako wameibandika kila nguzo ya umeme, halafu wakifika Calder wewe ni mzigo wa kufichwa darini! Na hawakuthubutu hata kusema wenyewe kwamba wamekukataza. Wamekutafutia ugonjwa. Mwizi aibe, halafu akutake wewe uandike barua kwamba mali uliipoteza mwenyewe!

Brannigan anasema sheria si yake. Bendeji ilikuwa ya nani? Mdomo uliosema "leo unacho" ulikuwa wa nani?

Lakini sikufichi, hasira yangu haijaishia kwa Brannigan. Wewe una miaka ishirini na tatu, una urefu wa mlango. Ulikaa pale bibi wa watu akapiga magoti. Ungesema neno moja tu, Verdell. Ungesema "siumwi."

Mimi nilipokuwa nahodha hakuna mtu aliyewahi kunifunga bendeji nisiyoihitaji. Walijaribu mengine, nikayatupa. Siku wakirudia, na watarudia, utafanya kama mimi. Sikulea kiwete wa kupangwa.

Leotha


Sandusky, 20 Januari 1952

Shangazi,

Shikamoo, na baada ya hapo sina heshima nyingi ya kukuletea leo, utanisamehe.

Wamesharudia. Kocha ametangaza mechi nyingine ya kirafiki, 23 Februari, Pell, Mississippi. Ameniangalia mguu akacheka, akasema, "Utunze, tutauhitaji."

Wewe unaandika kutoka jikoni kwako. Unajua tupo weusi wangapi kwenye ligi nzima? Unaweza kutuhesabu kwa vidole na ukabakiwa na vya kushikia kikombe. Nikisema hapana, hawatasema Brannigan ni mwongo. Watasema weusi ni wakorofi, mnaona, ndiyo maana hatukuwachukua zamani. Na yule kijana wa pili anayesubiri nyuma yangu, mlango utafungwa usoni pake. Nabeba huyo pia, si mguu wangu peke yake.

Unasema mambo uliyatupa. Maisha yangu yote nasikia Leotha Gaskins alitupa, Leotha Gaskins alikataa. Wazee wa mtaa wananiambia hakuna msichana aliyewahi kudunda mpira kama wewe, kwamba mlishinda mechi arobaini mfululizo na ukapitisha mpira mgongoni kabla wanaume hawajathubutu. Sawa. Basi niambie: kwa nini uliacha ukiwa na miaka ishirini na saba? Hujawahi kusema. Nikiuliza unaosha vyombo. Na kwa nini hakuna hata mmoja wa wasichana wale saba aliyewahi kukanyaga nyumba yetu?

Ukinijibu hilo ndipo uniite kiwete.

Verdell


Philadelphia, 16 Februari 1952

Mwanangu Verdell,

Nimechelewa makusudi. Niliandika barua mbili, nikazichoma. Hii ya tatu Roscoe amesema ataipeleka posta mwenyewe kabla sijaiwasha.

Roscoe alilazwa siku tisa. Ni mapafu. Ametoka, anakula, anagomba. Sikukuambia kwa sababu nilitaka uwaze mguu wako tu.

Ilikuwa Machi 1936, mji mmoja wa Virginia. Tulikuwa katikati ya ziara, mechi kumi na moja zimebaki. Mwandaaji alikuwa Mzungu mwenye tabasamu refu. Akaja na furushi la aproni za kijakazi, nyeupe, za kuvaa juu ya jezi. Na mimi nahodha niingie na fagio, niwakimbize wenzangu uwanja mzima, watu wacheke kwanza ndipo tucheze. Sisi, tulioshinda mechi arobaini.

Nikachukua fagio nikalivunja kwa goti langu. Hiyo ndiyo sehemu mtaa unayoijua. Mtaa unaipenda sana.

Sehemu usiyoijua ni kwamba sikumuuliza mtu. Tulikuwa wanane. Iola Crump, aliyekuwa ananipa pasi macho yamefumbwa, alikuwa ameshaanza kuifunga aproni yake kiunoni. Aliniambia, "Leotha, ni kitambaa tu. Tukicheza watanyamaza." Sikumsikiliza. Kufikia jioni yule bwana alikuwa amewapigia simu wenzake wote wa kusini, na mechi zote kumi na moja zikafutwa. Timu ikafa kwenye kituo cha basi. Iola alikuwa ameacha kazi ya kiwanda kuja kwenye ziara ile, na kiwandani hawakumrudisha. Ilikuwa miaka ya njaa, unaikumbuka kidogo. Akaishia kuvaa aproni ile ile, kwenye majiko ya watu, miaka yote hii. Anakaa mitaa minne kutoka kwangu. Tukikutana sokoni anageukia kabichi.

Sijuti kulivunja lile fagio. Najuta kwamba nililivunja kwa niaba ya watu wanane, na nikajifanya ni langu.

Na nilikuficha haya kwa sababu nilitaka ukatae bila kujua kukataa kunakula nini. Huo nao ni uongo, tena wa kumfunga mtu bendeji machoni. Basi nimeufungua. Nenda Pell, fanya utakaloweza kuishi nalo. Ukinyamaza, bado wewe ni mwanangu. Ukisema, sema kwa mdomo wako na kwa ajili yako.

Shangazi yako anayekupenda,
Leotha


Sandusky, 2 Machi 1952

Shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba,

Nimeisoma barua yako kwenye basi, mara tatu. Sijui niseme nini kuhusu Iola. Mjomba asirudi kazini mapema, mwambie ni amri yangu.

Pell ilikuwa hivi. Mkandaji alikuja na bendeji yake. Nikavuta miguu yote miwili nikaikunja chini ya benchi kama mtoto. Kocha akaitwa.

"Gaskins, usianze."

"Kocha, sitapanda kule juu nimefungwa bendeji ilhali siumwi."

"Basi kaa ndani ya basi mpaka tumalize."

"Nitapanda. Lakini nitapanda mzima."

Akaniambia nikipanda nisirudi kuchukua jezi. Nikaivua nikaiacha pale. Wenzangu wote waliangalia sakafu, Stan naye. Nikapanda na shati langu.

Jukwaa lilikuwa limejaa kama la Calder. Wakasimama. Nikasema, "Siumwi. Miguu yangu hii hapa. Hawataki nicheze na Wazungu mbele yenu, na wamenitaka niwaambie naumwa. Kule Calder nilidanganya watu kama nyinyi, na bibi mmoja akaniombea. Leo siwezi. Poleni kwa safari."

Mzee mmoja, Bwana Satterwhite, mzishi wa pale mjini, akavaa kofia yake taratibu.

"Sasa sisi tumekuja kutazama nini?"

Mama mmoja akadakia, "Mimi nilipanda lori kumwona huyu. Wale wengine nawaona kila siku bure."

Wakaanza kushuka. Ngazi ni za mbao, na watu mia tatu waliovaa viatu vya Jumapili wakishuka ngazi za mbao hawahitaji kusema kitu. Kule chini mechi ilisimama. Refa alishika mpira akaangalia juu mpaka jukwaa likabaki viti.

Tukaenda uwanja wa shule ya weusi. Ilikuwa bado mchana. Kuna kikapu kimoja cha chuma, hakina wavu, na ardhi imelowa hata mpira haudundi, kwa hiyo tulicheza kwa pasi tupu. Nilicheza na wakulima, na mashemasi waliokunja suruali. Mwalimu mmoja mfupi kama kinu alinipita mara mbili na nikazomewa. "Huyo ndiye wa ligi? Mchukueni mwalimu wetu!" Sijacheka hivyo tangu nije Ohio.

Baadaye Bwana Satterwhite akasema si vizuri nionekane kituo cha treni cha Pell. Alinipeleka cha mbele kwa gari lake la maiti. Anasema hakuna polisi wa Mississippi anayelisimamisha, wanaogopa zamu yao.

Klabu haijanipigia simu. Nasubiri.

Verdell


Philadelphia, 16 Machi 1952

Mwanangu, mwanangu,

Nimekukatia kipande cha gazeti hiki, cha Wazungu, endapo hujakiona: "Wahunzi wameachana na Verdell Gaskins. Klabu inasikitika kwamba kifundo chake cha mguu kimeshindwa kupona."

Nimekisoma kwa sauti mpaka Roscoe akaniomba nikae. Watu mia tatu walikuona, na bado wamekufunga ile bendeji, safari hii kwa wino! Ukisema wanakutegua, ukinyamaza wanakutegua. Na kesho mtu atauliza yule mweusi wa kwanza wa Sandusky alikuwa nani, ataambiwa, ah, alikuwa mzuri, ila miguu yake dhaifu. Hivi ndivyo wanavyotuzika, Verdell, hawatupigi hata ngumi, wanatuandikia ugonjwa.

Nimekwenda na barua zako kwa mhariri wa gazeti letu. Amesema ataandika, lakini gazeti letu halisomwi Sandusky, na waliodanganywa wako Sandusky. Sijui nikushauri nini. Kwa mara ya kwanza sijui, na sitajifanya najua.

Kitanda chako kimetandikwa.

Leotha


Sandusky, 30 Machi 1952

Shikamoo Shangazi,

Jumanne napanda treni kuja nyumbani. Kuna timu yetu ya kusafiri, ya weusi, imeniandikia. Nitakueleza nikifika. Mwambie Nettie amnyime yule mwanakwaya kiti changu mezani.

Ile taarifa nilikuwa nimeiona. Nilikwenda kwa Dakta Ferrand, anayemtibu Bi Dabney, mzee wa Kizungu asiyependa maneno. Alipiga picha za mifupa ya miguu yote miwili, akaandika cheti: vifundo vyote vizima, hakuna dalili kwamba kimojawapo kiliwahi kuteguka. Nikakipeleka kwa gazeti la hapa lililoichapisha taarifa ile. Walikisoma, wakakikunja, wakanirudishia kwa adabu.

Basi leo alasiri, mechi ya mwisho ya msimu hapa nyumbani, nimekibandika ukutani kando ya dirisha la tiketi, pamoja na picha za mifupa. Nilijua wengi hawatasoma, kwa hiyo nilichukua kamba ya kurukia nikasimama chini yake. Nikaanza kuruka kwa mguu wa kulia peke yake. Nikichoka nahamia wa kushoto. Foleni ilikuwa ndefu hadi barabarani na wote walilazimika kunipita. Wengine waligeuza uso. Mama mmoja alimwambia mumewe, "Lakini si walisema anaumwa?" Mumewe akamwambia anyamaze. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, na watu wa nyuma wakasogea kusoma.

Ilipobaki kidogo mechi ianze, mlango wa wachezaji ukafunguka, Stan akatoka na jezi yake, mikono wazi kwenye ule upepo wa ziwani.

"Kocha anasema uondoke."

"Mwambie kocha siwezi kutembea, naumwa mguu."

Hakucheka. Alisoma cheti kile mstari kwa mstari, kidole juu yake, kama mtu anayejifunza kusoma. Kisha akaja akasimama mbele yangu, foleni nzima inatuangalia. Kwa mara ya kwanza tangu Calder alinitazama usoni.

"Umefika ngapi?"

"Sihesabu."

Ndani kengele ya kuanza mechi ikalia. Mimi nikaendelea kuruka, Stan hakugeuka. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka asikike mpaka mwisho wa barabara:

"Moja."

Verdell